Rubani Akisema Amechoka, Nani Atamsikia?

Kutoka Litumbandyosi kwenda Dar es Salaam kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta usafiri hadi Kitai, kuunganisha Songea, kisha basi la Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, safari ya kushinda na pengine kukesha barabarani. Ya pili inaishia Songea, kwenye uwanja wa Ruhuwiko, unapopanda Bombardier ya Air Tanzania na kufika Dar ukiwa bado na nguvu za kwenda Muhimbili kumwona mgonjwa siku hiyo hiyo. Njia hii ya pili si ya kila mtu. Nauli yake haifichiki. Hata hivyo siku hizi haishangazi kumkuta ndani yake mkulima wa kahawa wa Mbinga aliyepata msimu mzuri, mwalimu anayefuatilia kiinua mgongo chake, au mfanyabiashara wa mahindi.

Ndani ya basi, abiria wa kwetu hawamwachii dereva peke yake kazi ya kukaa macho. Wanamtazama. Gari likianza kuyumba wanapaza sauti, na mara nyingi utakuta mtu mzima amehamia kiti cha mbele makusudi ili amwongeleshe. Ndege haina nafasi hiyo. Mlango wa chumba cha marubani hufungwa kwa komeo tangu mashambulizi ya Septemba 2001, na abiria hajui kama aliyeshika usukani amelala kwa saa nane au kwa saa tatu, kama mshahara wake umelipwa, au kama jana alimwambia bosi wake kuwa anaumwa akajibiwa aje hivyo hivyo.

Kisheria anayetakiwa kujua ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Marubani, popote walipojipanga, wana jibu la nyongeza: chama cha wafanyakazi. Wanasema chama chao kinamlinda abiria kama kinavyolinda mishahara yao. Ni dai linalostahili kupimwa, kwa sababu waajiri wengi hulikebehi na marubani wengi hulirudia bila kulitolea ushahidi.

Tuanze na wikendi moja ya Novemba 2022, iliyoleta habari mbili za ndege zikifuatana. Jumamosi ya tarehe 5, saa 12 asubuhi, marubani wa Kenya Airways, wapatao 400, waliweka kofia chini. Chama chao ni KALPA, na wanachama wake walikuwa takriban asilimia 10 tu ya wafanyakazi wote wa shirika. Asilimia hiyo ilitosha. Kampuni ilisema zaidi ya abiria 10,000 waliathirika siku ya kwanza pekee, na uwanja wa Jomo Kenyatta ukajaa watu waliokalia mabegi yao. Kesho yake, Jumapili asubuhi, ATR 42-500 ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Waliookolewa waliokolewa kwanza na wavuvi kwa mitumbwi yao. Kenya Airways, ambayo marubani wake walikuwa nyumbani siku hiyo, ilikuwa na hisa zaidi ya asilimia 41 katika Precision Air.

Matukio haya mawili yasiunganishwe kwa nguvu. Mgomo wa Nairobi haukuangusha ndege ya Bukoba, na sina sababu ya kusema kuwa marubani wale wa Bukoba walikuwa wamechoka au wamelazimishwa kuruka. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yanaonyesha pande mbili za swali letu: upande mmoja chama chenye nguvu ya kusimamisha shirika zima, upande mwingine ajali, kitu ambacho chama kinasema kipo ili kukizuia.

Sasa tazama madai ya KALPA. Shirika lilikuwa limeacha kuchangia mfuko wa akiba ya uzeeni wa marubani tangu janga la korona, na kulikuwa na mishahara iliyokatwa wakati wa janga hilo ambayo haijalipwa. Ni madai halali kabisa ya mfanyakazi yeyote. Yanahusu fedha. Mahakama ya kazi ilikuwa imekwisha kutoa amri ya kusimamisha mgomo kabla haujaanza, marubani wakagoma hata hivyo, uongozi ukatoa taarifa ya kujiondoa katika makubaliano yake na chama, na mwishowe Jaji Anna Mwaure akawaamuru warudi kazini saa 12 asubuhi ya tarehe 9. Wakarudi. Miaka sita kabla ya hapo, Aprili 2016, marubani hao hao waligoma wakitaka uongozi wa juu uondoke, mwaka ambao shirika lilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2 za Kenya. Safari ile hoja ilikuwa utawala mbovu.

Wanaotetea vyama husema rubani anayewaza uzee wake hawezi kutuliza akili angani. Hoja hii ina ukweli kidogo, na hutumiwa kupita kiasi. Tukiipokea nzima, kila nyongeza ya mshahara itaitwa usalama. Ningependa marubani waseme wazi: hapa tunadai fedha, na hapa tunadai usingizi. Abiria ana uwezo wa kuelewa yote mawili.

Kazi ya usalama inayofanywa na chama haionekani kwenye mgomo. Ipo kwenye karatasi ambazo magazeti hayazichapishi, na humo ndimo inafaa tukae kidogo.

Kuna saa za kuruka na kuna saa za zamu. Saa za kuruka ni ndege ikiwa safarini. Saa za zamu huanza rubani anaporipoti kazini, anaposoma hali ya hewa, anapokokotoa mafuta na kuikagua ndege, na huendelea ndege inaposubiri abiria, mzigo, fundi au mvua ipite. Katika nchi nyingi sheria huweka kikomo cha saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na saa 900 au 1,000 kwa mwaka. Ukizigawa, saa 100 kwa siku 28 zinaonekana kazi nyepesi kuliko ya mlinzi wa getini. Lakini rubani wa safari za ndani hazikusanyi saa hizo katika safari moja ndefu ya usiku. Huzikusanya kwa kupaa na kutua mara nne au tano kwa siku, na kupaa na kutua ndizo dakika zenye kazi nyingi na hatari kubwa. Akianza zamu alfajiri maana yake ameamka saa 9 usiku. Jioni, anapotua kwa mara ya mwisho, macho yako wazi lakini akili inachelewa.

Kuchelewa huko kumepimwa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama asilimia 0.10. Hakuna shirika litakalomruhusu rubani aliyekunywa kugusa ndege. Aliyekesha hana kipimo cha kupuliza. Njia pekee ya kumjua mapema ni yeye mwenyewe kusema.

Hapo ndipo chama kinapoanza kuwa na maana. Sheria huweka dari, na mwajiri mwenye marubani wachache huigeuza dari hiyo kuwa sakafu: kila mtu apangiwe hadi kikomo. Mkataba wa hali bora unaojadiliwa na chama huweka mambo ambayo sheria haiyagusi au inayataja juu juu tu. Ratiba itolewe siku ngapi kabla. Mapumziko ya mwezi yawe siku ngapi. Rubani anayelala safarini alazwe wapi, na gari la kumpeleka hotelini lihesabiwe ndani ya mapumziko au nje yake. Anayekaa zamu ya kusubiri nyumbani ahesabiwe yuko kazini au amelala. Zaidi ya yote, nani mwenye neno la mwisho zamu inapotaka kuvuka muda. Kanuni za anga katika nchi nyingi humpa kapteni uamuzi wa kuongeza muda kidogo iwapo jambo lisilotarajiwa limetokea na yeye anaona wenzake bado wana nguvu. Kwenye karatasi ni uamuzi wake. Kwenye simu ya ofisi ya ratiba, saa 3 usiku, abiria wakiwa wamejipanga, uamuzi huo hugeuka kuwa ombi, na ombi hugeuka kuwa amri. Kapteni mwenye chama anaweza kujibu "hapana" na kwenda kulala. Asiye na chama anapiga hesabu ya ada ya shule kwanza.

Marekani walilitambua hili mapema. Chama chao cha marubani, ALPA, kiliundwa mwaka 1931 chini ya David Behncke, wakati kubeba barua kwa ndege kulikuwa kazi ya kuzika marafiki. Kauli mbiu yake iliunganisha ratiba na usalama. Mei 1934 chama kikapata uamuzi wa bodi ya kazi ya taifa, unaokumbukwa kama Uamuzi namba 83, ulioweka kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi, na sheria ya anga ya mwaka 1938 ikayalazimisha mashirika kuufuata. Kwa hiyo saa za kazi za rubani ziliingia kwenye sheria zikisukumwa na chama. Mwaka 1948 vyama vya nchi mbalimbali vikaunda shirikisho lao, IFALPA, ambalo hadi leo lina kiti cha mtazamaji katika vikao vya kitaalamu vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloandika viwango vya anga vinavyofuatwa na Tanzania pia.

Mfano ulio karibu zaidi na abiria wa Ruhuwiko ni wa Februari 12, 2009. Ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ndege hiyo ilikuwa Bombardier Q400, aina ile ile inayotua Songea. Wachunguzi walisema kapteni aliitikia vibaya onyo la ndege kupoteza mwendo. Wakaongeza kuwa inaelekea uchovu ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili, ingawa kiasi chake hakikuweza kupimwa kwa uhakika. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kituo chake cha kazi. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Mshahara wa rubani msaidizi, ilielezwa mbele ya wachunguzi, ulikuwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Kwa Marekani hiyo ni fedha ya mtu asiyeweza kupanga chumba karibu na kazi.

Marubani wa Colgan walikuwa wamepiga kura ya kujiunga na ALPA miezi michache tu kabla ya ajali, Desemba 2008. Hawakuwa na mkataba bado. Siwezi kusema mkataba ungeiokoa ndege ile, na hakuna anayeweza. Kilichofuata kinajulikana: familia za marehemu ziliweka kambi Washington, sheria mpya ikapitishwa Agosti 2010, na tangu Januari 2014 rubani wa abiria Marekani lazima apate mapumziko ya angalau saa 10, ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Ningewasifu zaidi marubani kama wangekuwa wao walioshinda vita hivyo. Walisaidia. Walioshinda ni wafiwa.

Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya sheria hiyo, kwa kuwa makampuni yalilalamikia gharama. Chama cha marubani wa UPS kilikwenda mahakamani kupinga. Agosti 14, 2013 ndege ya UPS ilianguka Birmingham, Alabama, alfajiri, ikaua marubani wake wawili. Kinasa sauti kilionyesha kuwa kabla ya safari walikuwa wakizungumzia uchovu, na jinsi ambavyo wao pia wangestahili mapumziko sawa na wenzao wa abiria. Wachunguzi walitaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Chama kilikuwapo, kilikuwa sahihi, na hakikutosha.

Wanaopinga vyama nao wana ushahidi wao, na haufai kufichwa. Ryanair ya Ireland ilikataa kutambua vyama vya marubani kwa zaidi ya miaka 30, hadi Desemba 2017, na katika muda wote huo haikupoteza abiria hata mmoja katika ajali ya ndege. Emirates ya Dubai, ambako vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi na ambako marubani wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta maisha, haijapoteza abiria hata mmoja tangu kuanzishwa. Ukitazama hesabu hizi peke yake utasema chama hakina kazi. Mimi nazisoma hivi: shirika tajiri, lenye ndege mpya, mafunzo ya gharama kubwa na mamlaka kali juu yake, linaweza kuwa salama bila chama. Kwingineko Dubai hiyo hiyo, ndege ya flydubai ilianguka Rostov-on-Don, Urusi, Machi 19, 2016, usiku wa manane, ikaua watu wote 62, na wachunguzi wa Urusi waliutaja uchovu wa marubani kama jambo linalowezekana kuwa lilichangia. Marubani wa kule wakichoka hawana wa kumwambia isipokuwa aliyewapangia zamu. Na hata Ryanair ilivitambua vyama baada tu ya ratiba zake kuvurugika mwaka 2017 na kufuta safari za mamia ya maelfu ya abiria. Marubani walianza kuondoka, na soko likafanya kazi ambayo mazungumzo yangeifanya mapema.

Upo pia ushahidi wa karibu nasi unaouma zaidi. Mei 5, 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Cameroon, usiku wa mvua, ikaanguka ndani ya muda mfupi sana kwenye vinamasi, ikaua watu wote 114. Ripoti ya 2010 ilisema marubani walipoteza mwelekeo gizani, kukawa na mkanganyiko kuhusu mtambo wa kujiendesha, na hakukuwa na ushirikiano kati yao. Kapteni alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu, msaidizi wake kijana wa miaka ishirini na kitu. KALPA ilikuwapo. Mkataba wa kazi haumfundishi kijana kumwambia mkubwa wake "mzee, ndege inainama", na katika jamii zetu ambamo mdogo hafungui kinywa mbele ya mkubwa, somo hilo linahitaji mafunzo magumu ya mara kwa mara. Chama kinaweza kuyadai mafunzo hayo. Kinaweza pia, na hili marubani hawapendi kulisikia, kumkingia kifua mwanachama ambaye rekodi yake ya mafunzo inasema asubiri kwanza. Chama kinachotetea kila mtu kwa kila jambo huishia kumtetea mtu ambaye mwenzake aliye kiti cha pili angependa aondolewe.

Kinachonifanya niegemee upande wa chama, pamoja na hayo yote, ni suala la nani atasema. Februari 26, 2020, ndege ya China Southern ilitua Nairobi na abiria 239 wakati dunia ilikuwa imeanza kuiogopa korona. Mfanyakazi mmoja wa Kenya Airways uwanjani aliirekodi ikiwasili, video ikaenea, naye akasimamishwa kazi. Mahakama ikaisimamisha adhabu hiyo, na siku chache baada ya ndege ile kutua, mahakama ilikuwa imeamuru safari za kutoka China zisitishwe kwa muda. Yule hakuwa rubani. Lakini kila ripoti ya usalama hupitia njia kama yake: mtu wa chini anaona kitu, anapima gharama ya kusema, anasema au ananyamaza. Usafiri wa anga umekuwa salama kuliko usafiri mwingine kwa sababu ya ripoti za makosa madogo, yale ambayo hayajaua mtu. Rubani aliyekaribia kutua vibaya aandike mwenyewe kuwa nilikosea. Ataandika iwapo tu anajua barua hiyo haitarudi kama barua ya kufukuzwa.

Utafiti unaonyesha hivyo, ingawa haukufanywa kwa ndege. Alison Morantz, mtaalamu wa sheria wa Marekani, alichunguza migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi ya nchi hiyo kuanzia 1993 hadi 2010, na mwaka 2013 akachapisha matokeo: migodi yenye chama ilikuwa na upungufu wa majeraha makubwa wa kati ya asilimia 14 na 32, na wa vifo wa kati ya asilimia 29 na 83. Majeraha madogo, kinyume chake, yaliandikwa kwa wingi zaidi kwenye migodi yenye chama. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba wenye chama waliyaripoti. Msomaji wa Litumbandyosi hahitaji kwenda Marekani ili aone kwa nini takwimu hii inamhusu: makaa ya Ngaka yanachimbwa Ntunduwaro, kata ya Ruanda, katika wilaya yake mwenyewe, na malori yanayoyabeba yana madereva na matingo wanaohesabu usingizi kwa dakika.

Madereva nchini walishajaribu. Aprili 10, 2015 mabasi yaligoma nchi nzima, Ubungo ikafungwa, na Mei mwaka huo wakagoma tena. Walikuwa wakipinga sharti la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na walitaka mikataba ya ajira. Dai la kwanza lilikuwa baya kwa usalama, la pili lilikuwa zuri. Dereva asiye na mkataba hulipwa kwa safari, na anayelipwa kwa safari halali. Ndivyo vyama vilivyo: ndani ya mfuko mmoja utakuta kinachomlinda abiria na kinachomponza.

Turudi kwenye sheria yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma: maji, umeme, afya, zimamoto, na pia uongozaji wa ndege na mawasiliano ya anga. Anayeongoza ndege kutoka kwenye mnara hagomi. Rubani hatajwi katika orodha hiyo, ingawa Kamati ya Huduma Muhimu imepewa uwezo wa kutangaza huduma nyingine. Kwa wafanyakazi wanaoongozwa na sheria hiyo, njia ya mgomo halali ni ndefu: usuluhishi wa siku 30 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kura ya wanachama, kisha notisi ya saa 48. Chama cha mawasiliano na uchukuzi, COTWU (T), kipo, na kwa sheria hiyo hiyo chama chenye wanachama walio wengi katika kitengo ndicho kinachotambuliwa kujadiliana na mwajiri.

Wanaoogopa vyama Tanzania huwa wanaogopa historia, na historia hiyo ina mtu wetu. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Matepwende, Ruvuma hii hii, alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955, na migomo ya miaka ile ilikuwa sehemu ya harakati za uhuru. Mwaka 1962 alipokuwa Waziri Mkuu zikapitishwa sheria zilizobana migomo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja chini ya serikali, na waziri wa kazi, Michael Kamaliza, akawa katibu mkuu wake. Kwa miongo mitatu mfanyakazi wa Tanzania alikuwa na chama ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kumtuliza. Tabia hiyo haijaisha. Wengi bado wanakiona chama kama makato kwenye hati ya mshahara na fulana ya Mei Mosi.

Air Tanzania tangu 2016 imeongeza ndege kwa kasi, kuanzia Q400 hadi Dreamliner, Airbus A220, ndege ya mizigo na Boeing 737 MAX. Serikali ikiwa na fedha inaweza kununua ndege kwa mwaka mmoja. Kapteni hapatikani kwa mwaka mmoja. Shirika lolote linalokua haraka huwabana marubani wachache lilionao, na kipindi cha namna hiyo ndicho kinachohitaji mtu wa kusema ratiba imezidi.

Maoni yangu ni kwamba chama cha marubani kinaboresha usalama pale kinapopigania ratiba, mapumziko na ulinzi wa anayeripoti, na hakiboreshi chochote kinapotumia neno usalama kama kanga ya kufunikia bahasha ya mshahara. TCAA ichapishe kila mwaka, bila majina, ni marubani wangapi waliripoti uchovu na mashirika yalifanya nini. Mashirika yaache kumhesabia rubani anayesema "leo siwezi" kama mtoro. Marubani nao, mnapokaa mezani kudai mkataba, wekeni ukurasa wa usingizi kabla ya ukurasa wa posho, na muuonyeshe umma. Kama bado hamna chama kwenye shirika lenu, sheria ya 2004 inasema kinaanzishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20.